Swali Kwanza, Basi Baadaye: Mwongozo wa Kuwafundisha Watoto Wadogo Habari za Wanyama

Ziara yangu ya kwanza na darasa la watoto wa miaka sita ilikuwa ya bustani ya wanyama. Tulizunguka vizimba vyote: simba, twiga, mamba, nyani, kobe, hadi ndege ambao hata mimi sikuwajua majina. Kesho yake niliwagawia karatasi wachore walichokiona. Zaidi ya nusu ya darasa walichora basi. Mmoja alichora nyani akikojoa, na huyo nilimsifu mbele ya wenzake, maana ndiye pekee aliyekuwa amemtazama mnyama.

Kosa halikuwa la watoto. Niliwapeleka kutazama bila kuwapa cha kutafuta. Tangu hapo nimegeuza mpangilio: swali linatangulia, mnyama wa karibu anafuata, basi linakuja mwisho. Hatua zilizo hapa chini ni za mwalimu wa watoto wa kati ya miaka minne na minane, na kazi nzima huchukua wiki tatu hadi tano. Mzazi anayefundisha nyumbani anaweza kuzifuata pia, tena kwake ni rahisi zaidi kwa kuwa hana watoto arobaini wa kuhesabu kila baada ya dakika kumi.

Hatua ya 1: Chagua mnyama mmoja, wasizidi wawili

"Wanyama" ni mada isiyo na mwisho. Ukiifungua yote, watoto watabaki na orodha ya majina na milio. Chagua mnyama mmoja ambaye watoto wanaweza kumwona kwa macho yao zaidi ya mara moja, ambaye anafanya jambo linaloonekana (anakula, anatambaa, anakua, anajenga), na ambaye wewe mwenyewe huhitaji kuhangaika kumpata.

Kwa vigezo hivyo konokono anamshinda simba mbali sana. Simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku, na darasa likifika kizimbani mchana litaona mgongo na mkia. Konokono ukimwekea kipande cha tango anaanza kazi mbele ya macho yako. Kama ziara yako itakuwa ya shambani, kuku au ng'ombe anatosha kubeba mradi mzima.

Kabla hujaendelea, fahamu kwamba Kiswahili chetu kinatutegea mtego hapa. Katika mazungumzo ya kawaida, mnyama ni yule mwenye miguu minne na manyoya. Kipepeo ni mdudu, kunguru ni ndege, sangara ni samaki. Waulize watoto, "Je, kipepeo ni mnyama?" kisha ukae kimya uwaache wabishane. Kwa lugha ya sayansi wote ni wanyama: wanakula, wanapumua, wanakua, wanazaana. Jambo zuri ni kwamba sarufi yetu inalijua hilo tangu zamani. Tunasema kiti *kimevunjika*, lakini kiboko *ameamka*. Kikombe *hiki*, lakini kipepeo *huyu*. Neno lianze na ki- au lisianze, likiwa jina la kiumbe chenye uhai wa kutembea, tunalipatanisha kama mtu. Watoto wa miaka saba wakigundua hili wenyewe huanza kulijaribu kwa kila jina: kifaru, kinyonga, kifaranga, kiroboto. Umefundisha kipindi cha lugha bila kufungua kitabu.

Hatua ya 2: Toa kilichomo vichwani mwao kabla hujaingiza kipya

Siku ya kwanza usifundishe kitu. Gawa karatasi, waambie wamchore mnyama mliyemchagua kwa kumbukumbu tu. Utapata buibui wa miguu sita, kuku wa miguu minne, konokono mwenye tabasamu na meno ya binadamu. Usisahihishe hata mstari mmoja. Andika jina na tarehe nyuma ya karatasi, uzifungie kabatini. Michoro hii utaihitaji mwishoni, na hiyo ndiyo tathmini yako bora kuliko mtihani wowote utakaowatungia.

Kisha bandika ukutani karatasi ya manila yenye safu tatu: *Tunajua*, *Tunataka kujua*, *Tumejifunza*. Mbinu hii ilienezwa na Donna Ogle, mtaalamu wa Marekani wa ufundishaji wa kusoma, mwaka 1986, na imedumu kwa sababu ni nyepesi. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Mtoto akisema "konokono hulia usiku", iandike kwenye safu ya kwanza bila kukunja uso. Itafutwa na watoto wenyewe wakishaona, au itawatuma wakatafute.

Safu ya pili ndiyo yenye mali. Kuuliza si ujinga, lakini watoto wengi wa umri huu bado hawatofautishi swali na hadithi. Ukisema "nani ana swali?" utasikia "Sisi nyumbani tuna paka." Pokea, kisha ligeuze: "Ungependa kujua nini kuhusu paka wako?" Yakipatikana maswali kumi hivi, yagawe kwa alama tatu ambazo hata asiyejua kusoma anazielewa. Chora jicho kando ya swali mnaloweza kulijibu kwa kutazama, mdomo kando ya lile la kumuuliza mtu anayefuga au kutunza wanyama, na kitabu kando ya lile la kutafuta kwenye maandishi. "Konokono ana macho mangapi?" ni jicho. "Ng'ombe akiumwa mnajuaje?" ni mdomo. Ya jicho na ya mdomo ndiyo yatakayopanda basi.

Hatua ya 3: Ziara ya kwanza iwe ya hatua mia moja

Usikodi gari bado. Toka nje ya mlango wa darasa. Kila jozi ya watoto ipewe kamba ya mita mbili, waifunge ncha na kuilaza chini iwe duara. Kila kilicho hai ndani ya duara ni chao cha kutazama. Siku ya kwanza dakika tatu zinatosha, siku ya pili tano, na baada ya wiki wengi wanafika kumi. Wape lenzi ya mkono kama zipo. Kama hazipo, macho ya mtoto wa miaka sita yanaona vizuri karibu kuliko yangu na miwani.

Wewe tangulia saa moja kabla ukakague eneo: vioo, nyoka, nge, viota vya nyigu. Jiwe huinuliwa na mtu mzima, akianzia upande ulio mbali naye, ili jiwe libaki kuwa ngao kati yake na kilichojificha. Baada ya kutazama, jiwe lirudi polepole lilipokuwa, kwani lile ni paa la nyumba ya mtu.

Ugumu mkubwa hapa ni ukimya. Kuwaambia watoto "nyamazeni" hakusaidii, kuwapa sababu ya kunyamaza kunasaidia. Mimi huwasimulia habari za Jane Goodall. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, alitaka kujua yai linatokea wapi kwa kuku, akaingia kwenye banda na kujificha kwa saa nyingi akisubiri kuku atage. Nyumbani walikuwa wameanza kumtafuta kwa hofu. Aliporudi akiwa na majani kichwani, mama yake hakumgombeza. Alikaa chini akamsikiliza aeleze alichokiona. Mtoto huyo ndiye aliyekwenda Gombe, Tanzania, mwaka 1960, akakaa msituni mpaka sokwe wakamzoea, na akawaona wakitumia vijiti na majani kuvulia mchwa, wakati wataalamu waliamini kwamba binadamu peke yake ndiye hutengeneza vifaa. Watoto hupenda sehemu ya banda la kuku. Sisi walimu tuangalie zaidi sehemu ya mama.

Hatua ya 4: Mkaribishe mgeni darasani

Mnyama mdogo anayekaa darasani kwa wiki mbili anafundisha kuliko ziara ya siku moja, kwa sababu anatazamwa asubuhi, mchana na Ijumaa ambapo kila mtu amechoka. Mweke kwa muda, kwa kazi maalumu, kisha arudi alikotoka.

*Konokono.* Tafuta wanne au watano. Chombo kipana cha plastiki angavu au kioo, udongo wenye unyevu chini, mfuniko wenye matundu, majani, karoti au tango, na maganda ya mayai yaliyooshwa na kupondwa ili wapate madini ya kujengea gamba. Chumvi isikaribie kabisa. Nyunyiza maji kila siku, ondoa chakula kilichooza. Majaribio yake hayahitaji gharama: muweke juu ya kioo na umtazame kutoka chini, utaona mawimbi yakipita kwenye unyayo wake mmoja. Mlishe karoti siku mbili, kisha mlishe majani, halafu angalieni rangi ya kinyesi. Hufuata rangi ya chakula, na sijawahi kuona darasa lililolisahau hilo. Ana vipapasio vinne. Macho yako kwenye ncha za vile viwili virefu, na vile vifupi vya chini hunusa na kupapasa. Na meno? Anayo maelfu, madogo mno, yamepangwa kwenye ulimi kama msasa. Yule mtoto aliyemchora na meno alikuwa na haki kuliko tulivyodhani.

*Nyungunyungu.* Chupa pana, tabaka la udongo, tabaka la mchanga, udongo tena, majani makavu juu, maji kidogo. Weka nyungunyungu watano, funga chupa kwa karatasi nyeusi kwa sababu hukimbia mwanga, na ufungue kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili tabaka zitakuwa zimechanganyika na majani yamevutwa chini. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza wa karne ya 19, aliwachunguza viumbe hawa kwa miaka mingi. Ili kujua kama wanasikia, aliwapigia filimbi na kumtaka mwanawe awapulizie zumari kubwa la mbao, hawakushtuka. Lakini vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano na noti ikapigwa, walijitupa mashimoni, kwa kuwa walihisi mtikisiko. Jaribio hili linarudiwa kwa meza na ngumi, polepole. Watoto watataka kulirudia mara ishirini. Ruhusu mara tatu.

*Kiwavi.* Huyu ana kanuni moja ambayo niliivunja na nikalipa. Kiwavi hula majani ya mmea uleule uliomkuta juu yake, na aina nyingi hufa njaa zikiwa zimezungukwa na majani mengine mazuri tu. Mimi niliwapa majani yaliyokuwa karibu na dirisha, na Jumatatu nikawa na viwavi sita wakavu na watoto thelathini wenye maswali. Kwa hiyo mwokote pamoja na tawi lake, na hakikisha mmea huo unapatikana kila siku. Wenye nywele au miiba waache walipo, wanawasha. Akigeuka pupa, yaani akijifunga ndani ya ganda na kutulia kabla ya kuwa kipepeo, msimguse wala kumhamisha. Vipepeo wa aina nyingi hutoka baada ya wiki moja hadi mbili, kutegemea aina na joto. Anapotoka, mabawa yamekunjamana na anahitaji kijiti cha kuning'inia hadi yakauke. Huenda akadondosha maji mekundu. Waambie watoto mapema kwamba si damu, ni uchafu uliobaki mwilini tangu alipokuwa pupa, la sivyo kutakuwa na kilio. Mwachieni siku hiyohiyo.

*Mayai ya kuku.* Haya yanavutia kupita yote, lakini ndiyo yenye mzigo. Yanahitaji mashine ya kutotolea yenye joto la takriban nyuzi 37.5 za Selsiasi, kugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, na kuachwa yatulie siku tatu za mwisho. Siku ya 7 zima taa, mulika yai kwa tochi: utaona mishipa na kitone cheusi. Huanguliwa siku ya 21, ambayo ni wiki tatu kamili, basi ukiyaweka Jumanne utapata vifaranga Jumanne. Usiyaweke Jumamosi. Na usiyaweke kabisa kama hujapata mtu atakayewachukua vifaranga kwa maisha yao yote, akijua kwamba karibu nusu yao watakuwa majogoo. Mashine ikikosekana, kitendawili kinaweza kufungua kipindi: *Nyumba yangu haina mlango.* Wakishasema yai, wapasulie moja bichi kwenye sahani, waone ute, kiini, na ule utando mweupe ndani ya ganda, kisha uwaulize: sasa aliye ndani anatokaje? Kifaranga ana kijino kigumu juu ya mdomo cha kuvunjia ganda, nacho huanguka siku chache baada ya kutoka.

Popote mgeni atakapokaa, weka daftari moja la darasa kando yake. Kila siku mtoto mmoja awe mtazamaji wa zamu, achore alichoona na aandike au aseme sentensi moja. "Leo hakufanya kitu" ni kumbukumbu halali. Iandike.

Hatua ya 5: Sasa panga ziara

Nenda mwenyewe kwanza. Hili sikubali ulipuuze hata ukiwa na shughuli. Tembea njia watakayopita watoto, hesabu dakika, tafuta vyoo, maji ya bomba yenye sabuni, kivuli, mahali pa kulia chakula palipo mbali na wanyama. Zungumza na mtu atakayewapokea na umpe maswali ya watoto kabla. Mkulima au mtunza wanyama akipewa maswali siku tatu mapema anaandaa vitu vya kuonyesha. Asipopewa anatoa hotuba.

Chagua vituo vitatu, basi. Pengine hata viwili. Sehemu nyingine zote mtazipita, na mtoto akiuliza "na kule?" utamwambia kule ni siku nyingine. Afadhali dakika ishirini kwa twiga mmoja kuliko dakika mbili kwa wanyama kumi. Kama ni shambani, ombeni kuwepo saa ya kukamua au ya kulisha, si saa ambayo kila mnyama amelala.

Barua kwa wazazi iseme waziwazi tarehe, saa za kuondoka na kurudi, nguo na viatu, na iombe idhini iliyosainiwa pamoja na taarifa za pumu, mzio wa manyoya au wa kuumwa na nyuki, na dawa anazotumia mtoto. Ongeza mstari mmoja wa kuuliza kama mtoto anaogopa mnyama yeyote. Wazazi huandika mambo ambayo mwalimu asingeyajua mwaka mzima.

Kwa umri huu mimi sikubali zaidi ya watoto sita kwa mtu mzima mmoja, na wa miaka minne huwapunguza hadi watatu au wanne. Kanuni za shule yako zikiwa kali zaidi, zifuate hizo. Kila msimamizi awe na majina ya watoto wake kwenye karatasi, na awe anajua maswali, maana mzazi asiyejua kazi yake atapiga picha na kununua vitafunwa. Hesabuni watoto mkipanda, mkishuka, kila kituo, na kabla basi halijawasha injini.

Kila kundi libebe kazi moja tu. Nisemapo moja namaanisha moja: kundi hili linatafuta jinsi mnyama anavyokula, lile jinsi anavyotembea, jingine sauti, jingine nyayo na kinyesi. Wape ubao mdogo wa boksi na penseli iliyofungwa kwa uzi. Karatasi ndefu zenye nafasi za kujaza ziache shuleni, kwani mtoto atatazama karatasi na hatamtazama mnyama. Katika kila kituo anzeni na dakika mbili za kutazama bila kusema, kisha kila mtoto ataje kitu kimoja ambacho mwenzake hajakitaja. Kanuni hiyo ya "usirudie" huwalazimisha kuangalia tena, na wa mwisho kwenye mstari ndiye huona mambo makubwa.

Mpangilio wa siku uwe mgumu asubuhi na mwepesi mchana. Baada ya chakula hakuna kinachoingia.

Hatua ya 6: Mikono, midomo na meno

Sehemu hii haina utani. Wanyama wenye afya njema kabisa wanaweza kubeba vijidudu kama salmonela na aina hatari za E. koli, na watoto walio chini ya miaka mitano huumwa vibaya zaidi. Baada ya kugusa mnyama, uzio, nyasi za malisho au viatu vyenye tope, kila mtoto anaosha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Dawa ya kupaka mikononi haichukui nafasi ya sabuni pale mikono ikiwa na uchafu. Msile, msinywe, na vidole visiingie mdomoni mkiwa kwenye eneo la wanyama. Kobe, mijusi, vyura na vifaranga wasishikwe na walio chini ya miaka mitano, wawatazame. Kanuni hizi ni za darasani pia, konokono wakiwemo, kwani konokono wanaweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu.

Anayemgusa mnyama humgusa kwa kiganja kilicho wazi, begani au ubavuni, si usoni, na ni pale tu mwenyeji aliporuhusu. Mnyama akiondoka, amekataa. Hakuna kumfuata.

Ikitokea mtoto ameng'atwa au kukwaruzwa na mnyama wa jamii ya mbwa, paka, nyani au popo, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama alama ni ndogo. Kichaa cha mbwa hakitibiki dalili zikishaanza, lakini huzuilika kwa chanjo ikiwahi.

Hatua ya 7: Siku tatu za kwanza baada ya kurudi

Ziara huisha haraka vichwani mwa watoto, kwa hiyo kesho yake ndiyo siku ya kuvuna. Anza na manila ya safu tatu. Maswali gani yamejibiwa? Nani aliona? Wakitofautiana, usiamue wewe, angalieni madaftari. Nimewahi kuwa na kundi lililoapa kwamba ng'ombe anasimama kwa kutanguliza miguu ya mbele, na kundi lililoapa kwamba ni ya nyuma. Hawakukubaliana mpaka mtoto mmoja alipoleta mchoro wake. Ni ya nyuma. Farasi ndiye hutanguliza ya mbele.

Kisha tokeni uwanjani na chaki, kamba na futi ya kupimia. Namba za vitabuni hazina uzito kwa mtoto mpaka azilalie. Twiga dume mkubwa hufikia mita 5.5: chora mstari huo ardhini, walale watoto mmoja baada ya mwingine mpaka mstari uishe, wahesabu. Mtoto wa twiga huzaliwa akiwa na urefu wa takriban mita 1.8, basi mwiteni mtu mzima mrefu asimame kando ya alama hiyo. Nyangumi buluu anaweza kufikia mita 30. Huenda uwanja usitoshe, na kutotosha kwake ndiko kunakofundisha. Shingo ya twiga, pamoja na urefu wake wote, ina pingili saba za mifupa, sawa na yako. Waache wajipapase visogo.

Kwa kazi za mikono nina ubishi na walimu wenzangu. Vinyago vya wanyama vya kukata na kupaka rangi, ambavyo vyote thelathini vinafanana, ni mazoezi ya mkasi tu. Mpe mtoto udongo wa mfinyanzi au maboksi na umuulize, "Mguu wake unaanzia wapi? Unakunjika upande gani?" Hapo atasimama, atafikiri, pengine ataomba kurudi kumtazama. Kundi jingine linaweza kujenga nyumba ya mnyama: kiota cha vijiti na nyasi, bila gundi, kwa kutumia vidole viwili tu kama mdomo wa ndege. Watakata tamaa baada ya dakika kumi, na watamheshimu ndege maisha yao yote.

Vitendawili navyo vina nafasi. Watunge wenyewe kutokana na walichokiona. "Anatembea na nyumba yake" kina majibu mawili, kobe na konokono, basi waongeze neno mpaka libaki jibu moja. "Anatembea na nyumba yake, hana mguu hata mmoja wa kukunja." Sasa ni konokono peke yake. Hiyo ndiyo kazi ya mwanasayansi anapowatenga viumbe kwa makundi, imefanyika kwa mchezo wa *tega nikutegue*.

Hatua ya 8: Yale maswali mengine

Mgeni wa darasani anaweza kufa. Usimbadilishe usiku kwa mwingine anayefanana naye. Watoto hutambua, na wakitambua hawatakuamini kuhusu kiwavi wala kuhusu jambo jingine. Waambie amekufa, kwa neno hilo. "Amelala" huwafanya wengine waogope kulala. Mzikeni, na daftari la zamu liandike.

Watauliza kuhusu kuzaana, hasa mkienda shambani. Jibu fupi na la kweli, kwa kiasi cha swali. Mtoto aliyeuliza ndama ametokea wapi akijibiwa "tumboni mwa mama yake, akatoka kupitia njia ya uzazi" mara nyingi hurudi kwenye jambo lililokuwa muhimu kwake, yaani kama ndama ana jina.

Wanaoogopa wasisukumwe. Mtoto mwoga mpe kazi ya kuandika wengine wanachosema, akae hatua tano nyuma. Wengi husogea wenyewe hatua moja moja, na asiyesogea amefanya kazi yake vilevile.

Hatua ya 9: Fungua kabati

Siku ya mwisho, kabla hujatoa ile michoro ya kwanza, wagawie karatasi wamchore tena mnyama yuleyule. Kisha weka michoro yote miwili ya kila mtoto ubavu kwa ubavu ukutani, tarehe zikionekana. Usiseme kitu. Watakuja wenyewe, watajicheka: "Angalia, nilimwekea miguu!" Waalike wazazi na madarasa ya jirani kwa nusu saa, kila mtoto asimame mbele ya michoro yake na aeleze tofauti moja tu. Walioshindwa kuandika mwaka mzima nimewaona wakiongea dakika tano bila kupumua.

Jioni hiyo, au siku itakayofuata mvua, warudisheni konokono pale mlipowaokota. Yule aliyekuwa wa zamu wiki ya mwisho ndiye awabebe, awaweke chini ya majani, na darasa lingoje mpaka wa kwanza atoe vipapasio.